Presha Haikuwa ya Mashine

Mashine ya presha ya mama mkwe wangu ilipelekwa kukaguliwa kabla mtoto wangu hajapelekwa kwa daktari. Naanza na jambo hilo kwa sababu najua ziko nyumba nyingine, huku kwetu Rongai, au Molo, au Subukia, ambako mashine kama hiyo imewekwa juu ya kabati la nyanya, na wajukuu wanaichungulia.

Tunaishi nje kidogo ya mji wa Rongai, upande wa mashamba ya mahindi. Mimi hupima unyevu wa mahindi kwenye ghala la nafaka. Mume wangu, Kiprono, huendesha trekta la kulimia mashamba ya watu. Mama yake, ambaye sote humwita Kogo, ana nyumba yake katika boma hilohilo. Cherop, binti yetu, alikuwa na miaka kumi na alikuwa Gredi ya Nne mambo haya yalipoanza.

Kogo ana presha tangu zamani. Wanawe walimnunulia mashine ya betri, ile ambayo mkanda wake hujaa upepo wenyewe, na alikuwa akiifunika kitambaa ili mtu asiiguse. Kila Jumapili tukitoka kanisani alijipima mbele yetu, kisha akasoma namba kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Jumapili moja, mvua za kupanda zikiwa zimechelewa, Cherop aliomba naye apimwe.

"Njoo basi," Kogo akamwambia. "Tuone kama una presha ya kukataa maziwa."

Mkanda ulikuwa mpana kwa mkono wake mwembamba. Ulimfunika kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. Mashine ikanguruma, ikatoa upepo kidogo kidogo, ikaandika namba ya juu mia moja hamsini na nane. Kogo mwenyewe alikuwa amepata mia moja thelathini na kitu.

"Hii imekufa," Kiprono alisema akicheka. "Hata mimi na kelele zote za trekta sina hiyo."

"Mmeniharibia," Kogo akasema. "Nilikataza isichezewe. Na wewe Mama Cherop umekaa tu hapo unaangalia."

Tulibadilisha betri, tukampima tena. Mia moja sitini na moja. Kiprono akasema betri za duka letu ni feki. Hakuna aliyesema neno lolote juu ya mtoto. Kwetu presha ni ugonjwa wa mtu aliyezaa, akalima, akazika. Mtoto hupata malaria, minyoo na kifua. Kwa hiyo mashine ilipotuambia jambo tusilolijua, mgonjwa akawa mashine.

Wakati huo Cherop alikuwa na shida zake, na kila moja tulikuwa tumeipa jina. Pua ilitoka damu. Tukasema ni vumbi la Februari. Kichwa kiliuma, akapelekwa kwa watu wa macho, akapewa miwani. Miguu ilimwaka akikimbia, kuanzia nyuma ya magoti kwenda chini, na baba yake akaliita hilo uvivu. Kiprono alikuwa mkimbiaji siku zake za sekondari, na alfajiri kabla ya shule alimtoa Cherop barabarani, yeye mbele, mtoto nyuma.

"Inua mguu! Damu ya kwetu haichoki."

"Baba, inachoma."

"Inachoma ndiyo ikomae."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulipa jina. Cherop hakupenda kulala kwa ubavu. Alisema akiweka sikio juu ya mto wa kitanda anasikia mtu akitembea ndani yake, haraka haraka, na mtu huyo hafiki. Tulimcheka, akacheka naye.

Kogo aliacha kuiamini mashine yake, na bila mashine hakulala vizuri. Nilitumwa Nakuru mjini nikiwa nimeifunga kwenye leso. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya hospitali la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru hiyohiyo, ambaye huvaa sweta hata jua likiwa kali. Alijipima nayo. Akampima kijana wake wa dukani. Akachukua mashine mpya kutoka kwenye boksi, akarudia.

"Mama, hii haina shida. Ona, inasema sawa na mpya. Nani aliwaambia imeharibika?"

"Ilimpima mtoto ikasema mia sitini."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Ako na miaka ngapi?"

"Kumi."

Alifungua mkanda mkononi mwake taratibu. "Hii mkanda ni ya mtu mkubwa. Haifai mtoto."

Nilishusha pumzi. "Kwa hivyo ilidanganya."

"Sijui. Mimi ni mtu wa kuuza, sipimi watu." Aliifunga mashine kwenye leso yangu mwenyewe, fundo kwa fundo. "Lakini mashine umeleta. Sasa mtoto umpeleke wapi? Mpeleke kwa daktari, mama."

Nyumbani habari zilipokewa kwa furaha. Kogo alisema Mungu ni mwema, mashine yake ni nzima. Kiprono alishika lile neno la mkanda: kama si wa mtoto, basi namba si ya mtoto. Nami nilitaka sana iwe hivyo. Lakini wiki hiyo pua ya Cherop ilitoka damu hadi ikalowesha taulo, na hakukuwa na vumbi. Mvua ilikuwa imeanza.

Katika zahanati ya karibu muuguzi alikuwa na mkanda mmoja tu, wa watu wazima. Alimpima, akatazama, akampima tena. "Mtoto ameogopa," aliniambia. "Na mkanda si wake. Mlete akiwa ametulia." Nilimrudisha akiwa ametulia, amelala usingizi mzuri, amekula. Namba haikushuka. Muuguzi akaandika barua ya kwenda kliniki ya watoto Nakuru. Aliponipa alishika mkono wangu kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, nikaelewa kwamba naye ameogopa.

Yeyote ambaye mtoto wake ni mgonjwa atakuja kuzijua benchi za kliniki hiyo. Ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi kimo cha bega, na juu ya hapo kuna alama za vichwa vya watu walioegemea wakingoja. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kutoka Kabazi na mwanawe aitwaye Kim, ambaye uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yakawa mistari. Yeye ndiye aliyenifundisha kliniki: usitoke kwenda chooni jina lako likikaribia, usimpe mtoto soda, mtoto akikimbia koridoni watamrudisha nyuma ya foleni hadi moyo utulie.

"Wako ni nini?" aliniuliza.

"Wanasema presha."

"Hata wangu. Yake inatoka kwa figo." Alimimina chai kwenye kifuniko cha thamosi, akanipa. "Kunywa. Huku watu hawangoji na tumbo tupu."

Daktari alikuwa kijana, mtulivu, na mezani alikuwa na kikapu cha mikanda ya ukubwa mbalimbali. Alipima kwanza unene wa mkono wa Cherop kwa futi ya kitambaa, kama fundi wa nguo, ndipo akachagua mkanda. Akamkalisha akiwa ameegemea kiti, miguu imegusa sakafu, mkono umelala juu ya meza, akatuambia sote tunyamaze. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha akapima. Mia moja sabini na mbili.

"Lakini ule wa nyumbani ulikuwa mkubwa," nilisema, "na ulisoma chini ya hapo."

"Mkanda mkubwa ukimdanganya mtoto, mara nyingi hudanganya kwa kushusha," alisema. "Mlikuwa mnaona kidogo kuliko ilivyo."

Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimlaza Cherop kifudifudi, akamfunga mkanda mwingine kwenye paja, akapima presha ya mguu. Ilikuwa chini mno, kana kwamba anampima mtoto mwingine. Akamgeuza, akabonyeza vidole kwenye kinena upande huu na upande ule, akatafuta kitu kwa muda mrefu huku akitazama ukuta.

"Cherop, miguu yako huwa baridi?"

"Kila siku. Mama hunivalisha soksi mbili."

"Na ukikimbia?"

"Inachoma. Baba anasema ni uvivu."

Daktari hakunitazama, nikashukuru. Alieleza kwa ufupi, nami nitaeleza kwa ufupi zaidi. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umebanwa mahali fulani, baada ya matawi ya kichwa na mikono kuchomoza. Juu ya hapo damu ilisukumwa kwa nguvu ya kuvunja; chini yake ilifika kidogo. Alizaliwa hivyo. Ingebidi pafunguliwe, na pafunguliwe mapema, kwa sababu mishipa midogo ya kichwani haikuumbwa kuvumilia nguvu hiyo.

Cherop alikuwa akivaa sweta. "Nimemaliza? Hakuna sindano?"

"Leo hakuna."

Alimpigia baba yake kwa simu yangu tukiwa bado mlangoni. "Baba, sikudungwa! Hata moja!" Nilimsikia Kiprono akicheka upande wa pili. Sikumnyang'anya simu. Nilimwacha afurahi hadi jioni.

Picha ya moyo alipigwa siku nyingine, nayo haiumi: unapakwa ute baridi kifuani, wanapitisha kifaa juu ya ngozi, na moyo wa mtoto wako unaonekana kwenye kioo ukifungua na kufunga mdomo. Mama aliyepiga picha aliishika chupa ya ute viganjani kwanza, ikapata joto kidogo. Mambo madogo ya namna hiyo nimeyahifadhi yote. Picha ilithibitisha yale ambayo mkono na mguu vilikuwa vimesema.

Nyumbani ndipo ugonjwa ulipoanza kutula sisi wengine pia. Daktari alikataza mbio. Kiprono alisema mtoto amekimbia miaka yote hiyo na hajaanguka. Nikamwambia, "Miguu ilikuwa inakuambia." Neno hilo lilikaa kati yetu kama mtu wa tatu kitandani. Mbio zilikoma, za mtoto na za baba, na asubuhi Kiprono alikaa ukumbini na viatu vyake vya mbio miguuni bila kutoka. Kogo naye alitaka kusaidia. Siku moja nilimkuta akikata kidonge chake katikati ampe Cherop nusu. "Si ni presha moja?" aliniuliza, akishangaa kwa nini ninapiga kelele. Dawa za Cherop zilikuwa tofauti na zilimfanya alale darasani. Tangu siku hiyo dawa zote nilizifungia.

Jina lake liliingia kwenye orodha ya hospitali ambako hupasua mioyo ya watoto, mbali na kwetu. Orodha ilikuwa ndefu na vitanda vichache, na kila mtoto aliyekuwa mbele yetu alikuwa na mama kama mimi. Tulingoja wakati wa palizi. Tulingoja mahindi yalipotoa mbelewele. Nililala simu ikiwa ndani ya nguo. Hatimaye wakapiga, wakatupa siku, na ilikuwa ya mwezi uliofuata. Kiprono alizunguka boma akimwambia kila mtu, hata ng'ombe.

Jumatatu moja kabla ya siku hiyo, simu iliyoita ilikuwa ya shule.

"Mama Cherop, mtoto ameanguka kwa gwaride ya bendera. Tunafikiri hakula."

Alikuwa amekula. Nilikimbia kutoka ghalani nikiwa bado na kile chuma cha kutobolea magunia ili kutoa punje za kupima mkononi. Nilimkuta amelazwa chini ya mti wa jakaranda, mwalimu akimpepea kwa daftari, mdomo wake umevutwa upande mmoja. Aliweza kuzungumza. Alishika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akauinua, ukaanguka. Akanitazama.

"Mama, hii mkono ni ya nani?"

Hilo swali nalisikia hadi leo. Katika hospitali ya Nakuru waliona kwenye picha kwamba mshipa mdogo kichwani ulikuwa umepasuka upande wa kulia. Damu ilikuwa kidogo, walisema, na ilikuwa imesimama. Kidogo hicho kilichukua mkono na mguu wa kushoto. Kwa wiki kadhaa alikula chakula cha upande mmoja tu wa sahani, akiacha kingine, akisema ameshiba. Upasuaji wa moyo uliahirishwa hadi kichwa kipone. Kile tulichokuwa tunakikimbia kilikuwa kimetupata.

Kiprono hakulia mbele yangu. Alijifunza kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumsuka nywele vibaya.

"Baba, hii ni matuta ama ni nywele?" Cherop alimuuliza akijipapasa.

"Ni matuta. Tunangoja mvua."

Baada ya mvua za Agosti tulirudi kliniki, na sikumwona yule mama wa Kabazi. Nilimpigia kumuuliza kama wamebadilishiwa siku.

"Tulizika Kim wiki jana, Mama Cherop," alisema. Akakohoa kidogo, kisha akaniuliza, "Na Cherop ameanza kutembea?" Nilimwambia anajaribu. "Mwambie asiharakishe," akasema.

Walimpasua Cherop msimu wa kupanda uliofuata. Waliingilia upande wa mgongo, chini ya bega la kushoto, wakakata mahali palipobanwa, wakaunga. Tuliporuhusiwa kuingia chumba cha wagonjwa mahututi, Kiprono hakwenda upande wa uso. Alikwenda miguuni, akainua shuka, akashika nyayo kwa viganja vyote viwili. Zilikuwa na joto. Alibaki ameinama hapo hadi muuguzi akamwambia, "Mzee, wengine nao wanataka kumwona."

Sasa Cherop ana miaka kumi na mitatu. Mguu umerudi, ingawa anauburuta akichoka. Kovu linawasha wakati wa baridi. Presha yake bado iko juu kidogo; mishipa iliyozoea nguvu kwa miaka kumi haisahau kwa siku moja, na dawa atakunywa, pengine maisha yake yote. Mara nyingine hufungwa mashine ndogo kiunoni na mkanda mkononi kwa siku nzima mchana na usiku, ijipime yenyewe akiwa shuleni na akiwa amelala. Mkanda ukijaa darasani wenzake humtania.

"Cherop anajazwa upepo!"

"Mimi najazwa," aliwajibu siku moja, "wewe unatoa." Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akasimulia hadithi hiyo hadi ikanifikia ghalani.

Mkono wa kushoto haukurudi. Vidole vimejikunja. Mwalimu wa mazoezi anasema tusiache kuunyoosha, na hatuachi, lakini ameacha kutuambia lini utarudi.

Mzazi unayesoma haya, nakuomba mambo machache. Mtoto wako akipelekwa hospitali kwa kichwa kinachouma mara kwa mara, au pua inayotoka damu, au miguu inayochoma, uliza kama wamempima presha. Uliza kama mkanda unamtosha mkono. Ikiwa juu, apimwe tena siku nyingine akiwa ametulia. Na ikiendelea kuwa juu, apimwe mguu pia. Vipimo hivi havimwagi damu, haviumi, na ukiondoa ule muda wa kungoja kwenye benchi huchukua dakika chache. Wengi watakaopimwa watakuwa wazima, na utarudi nyumbani ukijiona mjinga. Rudi ukijiona mjinga. Sisi hatukuipata bahati hiyo.

Desemba iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, sote, Kogo kwenye kiti chake cha chini na sisi juu ya magunia. Cherop ana namna yake. Hubana hindi moja kati ya magoti, kisha anavua punje kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, mstari kwa mstari. Ni kazi ya polepole. Hataki kusaidiwa, nasi tumejifunza kutazama pembeni. Kiprono alikaa kando yake. Baada ya muda niliona ameweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, amebana hindi kati ya magoti kama yeye, na anahangaika. Likamponyoka, akaliokota, likaponyoka tena. Punje zilirukia kwenye majani.

Cherop alimtazama kwa muda bila kuacha kazi yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Najaribu tu."

Alisogeza rundo la mahindi yasiyopukuchuliwa, akalisukuma kwa mguu hadi mbele ya baba yake.

"Wako uko mzima," alimwambia. "Utumie."